Pikipiki ya umeme mlimani

Wapo wanaosema pikipiki ya umeme inashindwa mlima kwa sababu ya "kukosa sisi" (cc, kipimo cha ukubwa wa injini). Sababu si hiyo. Mota inatoa nguvu yake ya kuzungusha tangu tairi linapoanza kusogea, ndiyo maana haihitaji gia wala klachi. Injini ya sisi 125 au 150 lazima kwanza ifike mizunguko elfu kadhaa kwa dakika. Kinachoiangusha ya umeme ni joto. Ikiwa mota iko ndani ya rimu ya nyuma, ukipanda mlima mrefu polepole na mzigo, inavuta mkondo mkubwa huku upepo wa kuipoza ni haba, na kontrola (kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye mota) inapunguza nguvu yenyewe ili vitu visiungue. Yenye mota ya katikati na mnyororo inavumilia zaidi, kwa kuwa mota inazunguka haraka kuliko tairi. Uliza hilo kabla ya kulipa.

Matumizi: ukiwa na abiria hesabu uniti 3 hadi 4 za umeme kwa kilomita 100, dhidi ya lita 2 hadi 3 za petroli. Betri ya volti 72, ampea-saa 40, ina uniti 2.88, basi panga kilomita 70 hivi hata kama muuzaji anataja 100. Ila ukibadilisha betri kituoni unalipa bei ya kituo, si ya LUKU (umeme wa nyumbani wa kulipia kabla), na nafuu inapungua. Oili na plagi unasahau. Tairi, breki na beringi ziko palepale.