Maswali ya Wasomaji: Risasi Nzito Inapoigomesha Silinda

SWALI: Ndugu Mhariri, nafanya biashara ya mahindi hapa Kibaigwa na nina rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya .357 Magnum yenye kibali. Nimezoea risasi zenye kichwa cha uzito wa greini 158. Majuzi nilinunua za greini 180, na kwenye uwanja wa shabaha silinda ikagoma baada ya mlio wa tatu. Haizunguki wala haifunguki. Tatizo ni bastola au risasi?

JIBU: Inaelekea ni risasi. Kichwa cha risasi hakiwezi kunenepa, maana kipenyo chake cha milimita 9 na ushee kimepangwa na mtutu. Uzito ukiongezeka unaingia kwenye urefu. Kutoka greini 158, yaani gramu 10.2, hadi greini 180, gramu 11.7, kichwa cha madini ya risasi matupu kinarefuka karibu milimita 2. Risasi nzima ya .357 Magnum inaruhusiwa kufika milimita 40.39, na ganda peke yake ni milimita 32.77. Kinachobaki mbele ya ganda ni kidogo.

Sasa ongeza teke. Bastola inaporuka nyuma, inayakamata maganda kwenye kingo za vitako na kuondoka nayo. Vichwa vinabaki palepale kwa uzito wao wenyewe, na kadiri vilivyo vizito ndivyo vinavyobaki zaidi. Kila mlio unavitoa kidogo kwenye risasi ambazo bado hazijalia. Kimoja kikichungulia nje ya uso wa silinda, kinagonga fremu karibu na mtutu, na hapo mchezo umekwisha. Bastola nyepesi za aloi ndizo zinazosumbua zaidi, kwa sababu teke lake ni kali.

Kinachokizuia kichwa ni vitu viwili: ganda kukibana pande zote, na mdomo wa ganda kukunjwa ndani ya mfuo uliozunguka kichwa. Wengi hutazama mkunjo tu. Ganda lililolegea haliokolewi na mkunjo, na mkunjo uliozidi hulivimbisha ganda chini kidogo ya mdomo hadi likatae kuingia kwenye chemba, yaani tundu la silinda linalobeba risasi.

Pima hivi. Chukua risasi moja, iweke alama, pima urefu wake kwa kalipa, kifaa cha kupimia urefu mdogo. Jaza silinda, fyatua nyingine zote, kisha toa ile yenye alama na uipime tena. Ikirefuka hata robo milimita, boksi hilo halikufai kwa bastola hiyo. Na silinda ikigoma, usiigonge kwa kitu chochote. Elekeza mtutu penye usalama na umpelekee fundi mwenye leseni, ukimwambia tangu mlangoni kwamba ndani mna risasi nzima.

Kama hakuna kichwa kilichochungulia mbele, tazama nyuma. Fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, ikikaa juu kuliko kitako huburuzika. Punje za baruti zisizoungua chini ya nyota ya kutolea maganda hufanya vivyo hivyo, na kwa vumbi letu la Dodoma miezi ya upepo, mswaki mkavu hapo ni lazima.

SWALI: Kwa nini kiwanda kisikisukume tu kichwa kizito ndani zaidi ya ganda? Au mtu mwenyewe akisukume?

JIBU: Kwa sababu chumba cha baruti kinapungua. Baruti ileile ikiungua kwenye nafasi ndogo hupandisha shinikizo, nalo halipandi kwa ustaarabu: milimita moja au mbili zinatosha kulitoa nje ya kiwango salama. Ndiyo maana kiwanda kinachotumia kichwa kirefu hupunguza baruti au hubadili aina yake, kisha kikapima shinikizo kwa mashine. Kusukuma kichwa cha risasi iliyokwisha kujazwa ni kubahatisha mbele ya uso wako. Tena kujaza risasi nyumbani bila kibali ni kosa la jinai hapa Tanzania.

Tatizo lenyewe ni la zamani. Bastola ya Smith & Wesson Model 27 ina silinda fupi, na kichwa maarufu cha Elmer Keith, mwandishi wa silaha wa Marekani, namba 358429, cha greini 170 hivi, kikikunjwa kwenye mfuo wake katika ganda la .357 hutokeza mbele. Wajazaji wa Marekani walikikunja juu ya ukingo wa mbele, au wakatumia ganda fupi la .38 Special. Njia hii ya pili hatuipendi: risasi yenye nguvu ndani ya ganda la .38 iko siku itaingia kwenye bastola dhaifu ya .38.

SWALI: Mimi wa Mpwapwa. Nafanya mazoezi kwa .38 Special kwenye bastola ya .357. Siku hizi za .357 haziingii hadi mwisho.

JIBU: Ganda la .38 ni fupi kwa milimita 3.4, kwa hiyo masizi yanajikusanya kama pete ndani ya chemba, mbele ya mdomo wake. Ganda refu linagota hapo. Usilishindilie kwa kidole gumba. Pete hiyo ikiubana mdomo wa ganda, kichwa hakiachiwi kwa urahisi na shinikizo linapanda. Loweka chemba kwa dawa ya kusafishia silaha kwa robo saa, kisha sugua kwa brashi ya shaba. Fanya hivyo kila baada ya mazoezi.

SWALI: Manyoni hapa. Mbona risasi nzito zinapiga juu, wakati nilitegemea zishuke?

JIBU: Kwa mita 15 au 25 ndivyo ilivyo. Kichwa kizito kinakwenda polepole, kinakaa muda mrefu zaidi ndani ya mtutu, na wakati huo mdomo wa bastola umeshaanza kuinuka. Shusha kilengeo cha nyuma cha bastola. Kama kilengeo hicho hakirekebishiki, rudi kwenye greini 158. Bastola nyingi za .357 za namna hiyo zimelengeshwa kwa uzito huo.