Kamera kwenye majlisi ya Muharram: iwekwe wapi, izimwe lini

Majlisi ni kikao cha Washia cha kumwomboleza Imamu Hussein, mjukuu wa Mtume aliyeuawa Karbala. Kamera ikisimama mbele ya duara la matam, yaani kupiga kifua kwa maombolezo, matam yenyewe hubadilika. Vijana husogea upande wa lenzi, mikono hupanda juu kuliko nauha, wimbo wa maombolezo, inavyodai, na msomaji hurudia ubeti unaopendeza kwenye skrini. Mapigo mengi tunayoyasikia Nairobi siku hizi yametoka Iraki na Irani kupitia setilaiti na simu, hata pale nauha ni ya Kiswahili au Kiurdu. Kuiga si dhambi. Kinachouma ni kumlilia Imamu Hussein huku jicho moja likitafuta kamera.

Kwa hiyo iweke nyuma ya waombolezaji au pembeni, kwenye stendi ya kimo cha mtu aliyesimama, na isihamishwe mpaka majlisi iishe. Upande wa kina mama usielekezewe lenzi.

Nguo nyeusi huihadaa kamera. Ukiiachia ijipangie mwanga, itadhani ukumbi ni giza, itaongeza mwanga, na uso wa shekhe mimbarini utakuwa doa jeupe. Zima otomatiki, upime mwanga usoni pake. Umeme wetu ni wa hezi 50: rekodi fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ya sekunde 1/50, la sivyo baadhi ya taa za LED zitaleta mistari inayotambaa kwenye picha.

Sauti ichukuliwe kwa waya kutoka kwenye miksa. Usipime kwa “hallo, hallo”. Waombe watu kumi wapige kifua kwa nguvu zao zote, kilele kisipite desibeli -12. Kikifika sifuri, sauti hupasuka, na mgonjwa anayefuatilia matangazo kutoka kitandani haambulii neno.

Usiku wa Shami Ghariban taa huzimwa, kuwakumbuka wanawake na watoto wa Karbala waliobaki bila mahema jioni ya mwezi 10 Muharram mwaka 61 Hijria (680). Taa ya kamera hapo ni dharau. Rusha sauti peke yake.

Kwenye julusi, yaani maandamano ya maombolezo, usimrekodi mtoto kwa karibu bila idhini ya mzazi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaidai idhini hiyo. Na ukikata kipande cha kusambaza, kianze kwenye maneno ya msomaji. Sekunde 15 za vifua vinavyopigwa, bila jina la anayeliliwa, jirani asiye Shia atazitazama asijue kafiwa nani.