Msiniulize wati, niulizeni kama muuzaji alikubali kusaga ndizi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Unataka blenda ndogo ya kutengenezea smuthi nyumbani. Unaangalia nini kwanza: wati, bei au chapa?" Nililisoma asubuhi nikalipita, mchana kwenye daladala nikajikuta nabishana nalo peke yangu. Yote matatu mliyoyataja ni maandishi ya kwenye boksi, na boksi halijawahi kusaga hata tikiti.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. Mimi ni mtu wa jagi. Nimelelewa na shangazi anayeuza juisi Buguruni, na kwake blenda ni ile ya jagi kubwa, inayojaza glasi za meza nzima kwa mkupuo mmoja. Hizi za kikombe, unazozijaza, unazipindua, unazikandamiza, kisha unanywea humohumo, nimekuwa nikiziona ni vidude vya maharusi. Vinapendeza kwenye meza ya zawadi, basi. Kwenye nyumba yenye watoto, shemeji na binti wa kazi, utatengenezaje smuthi ya mtu mmoja? Ukishakamata kikombe chako mtoto anakutazama usoni, hiyo smuthi itapita kooni?

Kuhusu wati niseme haraka, maana watu wanaziogopa kwa sababu ya LUKU, na ni woga wa bure. Blenda ya wati 600 ikizunguka dakika nzima inakula uniti 0.01. Yaani uniti moja inakupa dakika 100 za kusaga. Pasi ya wati 1,000 ikifanya kazi nusu saa bila kujizima imekula sawa na dakika 50 za blenda, na hakuna anayelalamika kuhusu pasi. Kama LUKU inaisha, kamtafuteni mchawi kwenye friji na jiko la umeme.

Tena wati nyingi si kila mara heri. Chukua pasheni. Ukiipeleka kwenye mashine yenye nguvu ukaiachia, zile kokwa zinapasuka, unapata juisi yenye chembechembe nyeusi na uchungu kwa mbali. Pasheni unaigusagusa tu, washa zima, washa zima, halafu chujio. Ila parachichi, ndizi iliyoganda, tende na karanga, hapo ndipo utakapoijua mashine.

Sasa hii ya Kariakoo lazima niieleze, hata kama mtaikata.

Mdogo wangu alikuwa amepanga chumba Sinza, kaanza kazi, akataka blenda ndogo ya kujitengenezea smuthi asubuhi kabla ya kutoka. Shangazi akasema hanunui mtu blenda bila yeye kuwepo. Tukaongozana watatu, shangazi kabeba kikapu, ndani ya kikapu hotipoti. Nikajua ni chakula, labda ana mgonjwa wa kumpitia. Sikuuliza.

Duka sitalitaja. Ni yale ya vyombo vya umeme, mlangoni feni na majiko ya gesi, ndani maboksi hadi darini, na ukutani karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. Kijana muuzaji mstaarabu kabisa.

"Shikamoo mama. Karibuni ndani."

"Marahaba mwanangu. Nataka blenda ya huyu binti. Ya kikombe."

Akateremsha boksi linalong'aa, limechorwa stroberi na majani ya mnanaa, pembeni 1000W kwa herufi kubwa kuliko jina la chapa. Akachomeka kwenye ekstensheni, akaweka kikombe kitupu, akakandamiza. Ikalia kwa sauti ya juu kweli.

"Unaisikia mama? Wati elfu moja hiyo."

"Naisikia. Hata pikipiki inalia," shangazi akasema, akafungua hotipoti.

Ndani hamkuwa na wali. Kulikuwa na vipande vya barafu, ndizi zilizomenywa zikagandishwa, na kifuko cha karanga. Na chupa ya maji ya kunywa kwapani. Mdogo wangu akageukia ukutani, akaanza kusoma bei za pasi.

Kijana akacheka, akidhani ni utani. Alipoona si utani akasema haiwezekani, ukishatia tunda mashine imekuwa yako. Shangazi hakupandisha sauti. Akamuuliza kama yeye anaponunua viatu havivai kwanza. Kijana akasema kiatu hakilowi. Shangazi akasema basi tutakikausha kikombe, maji ninayo. Kijana akasema bosi hayupo. Shangazi akavuta stuli, akakaa, akasema atamsubiri bosi.

Mnaoijua Kariakoo mnajua kilichofuata. Anayeuza soksi mlangoni akaingiza kichwa. Mbeba mizigo mmoja akatua boksi lake akauliza kuna nini. "Mama anataka kusaga ndizi." "Si aachwe asage!" Mwingine akasema hapana, dukani si jikoni. Wakagawanyika kama wana timu, na katikati yao wateja wawili waliokuja kununua jiko la umeme la kupikia wali wakasimama kutazama. Mwisho ikapatikana suluhu: shangazi atoe hela yote, ashikilie mwenye duka la jirani. Mashine ikisaga, imeuzwa, hakuna kuomba punguzo tena. Ikishindwa, hela inarudi na kijana anateremsha nyingine. Shangazi akahesabu noti mbele ya watu.

Kijana akataka kujaza yeye. Akatia maji kwanza. Shangazi akamshika mkono: "Hivyo ni vya jagi. Hiki kinageuzwa, visu viko juu sasa hivi." Na hili wengi hawalijui, kwa hiyo nalieleza. Kwenye jagi kimiminika kinatangulia ili kikutane na visu chini. Kwenye kikombe cha kupindua unaanza na vigumu, barafu na ndizi, kisha laini, maji au maziwa mwisho, usivuke mstari uliochorwa kwenye kikombe. Ukikipindua, maji ndiyo yanayoangukia kwenye visu.

Akafunga, akapindua, akakandamiza. Ile sauti ya pikipiki ikadumu kidogo, ikashuka, ikashuka tena. Visu vilikuwa vimejichimbia shimo vinazunguka kwenye hewa, ndizi imening'inia juu haijui kinachoendelea. Shangazi akazima, akakitoa, akakitikisa, akakirudisha. Safari hii ikaja harufu. Wote tuliisikia, ile ya waya unaoanza kuungua, isipokuwa kijana wa duka, yeye alikuwa anatazama barabarani. "Weka mkono hapa," shangazi akaniambia. Niliuweka ubavuni mwa mashine nikauondoa hapohapo.

Ndipo akaipindua kitako juu. Chini kulikuwa na stika ndogo ya kijivu, maandishi ya kusomea miwani: 230V, 50Hz, 300W. Akamwita mbeba mizigo asome kwa sauti. Akasoma. Kisha akamwonyesha boksi. Akasoma tena, elfu moja. Watu wakaguna.

Kijana, kwa haki yake, hakubisha. Akapanda ngazi akashuka na boksi lililobonyea pembeni, halina hata stroberi. Shangazi akaanzia chini safari hii: 600W, na pembeni KB 1 min. Hiyo KB someni wasomaji wenzangu, ipo kwenye mashine nyingi na hakuna muuzaji atakayekueleza. Maana yake isizungushwe zaidi ya dakika moja mfululizo, kisha ipumzike ipoe. Blenda nyingi za kikombe zinazokufa mikononi mwetu zinakufa kwa sababu mtu ameikandamiza dakika tatu akisubiri barafu iishe, huku anatazama simu.

Ile ya pili haikulia sana. Iliguna, ikatulia, ndizi ikaanza kuteremka yenyewe ukutani mwa kikombe. Shangazi akaizima kabla ya dakika, akamimina kwenye mfuniko wa hotipoti, akachukua kidogo akakisugua kati ya kidole gumba na cha shahada akitafuta chembe za karanga. Akazipata mbili tatu. Akatikisa kichwa kukubali. Waliobaki wakagawana kwa zamu, mbeba mizigo akapata kubwa kuliko wote, kijana wa duka naye akaonja na kusema inahitaji sukari. Shangazi akasema haihitaji.

Akadai risiti ya EFD, akapewa, hela ikatoka duka la jirani. Tukiwa tunafunga mzigo nikamwona kijana akiifuta ile ya kwanza kwa kitambaa, kikombe na visu, akairudisha taratibu kwenye boksi lake la stroberi na kuipandisha juu ya rafu. Kwa hiyo kuna mtu hapa mjini ana blenda ya wati elfu moja iliyowahi kushindwa ndizi moja ya shangazi yangu.

Nimeyaandika haya yote nikiwa na nia ya kusema: angalia stika ya chini, usiangalie boksi. Lakini nikijisoma naona stika nayo inabandikwa na yuleyule aliyechapa boksi. Anayetaka kukudanganya vizuri atadanganya kote kuwili. Kwa hiyo jibu langu si wati. Ni duka linalokubali ujaribu na kitu ndani. Likikataa matunda, liombe likubali hata maji na barafu. Likikataa na maji, toka.

Jambo la pili ni fundi, na hapa najua wenye chapa zao watanikasirikia. Blenda ya jagi ikilegea, kile kiungo cha mpira chenye meno kinachokaa juu ya mota kinauzwa, mpira wa kuzibia unauzwa, kaboni zinabadilishwa, na mota ikiungua Gerezani kuna watu wanasuka. Ya kikombe ni kiburi zaidi. Visu, mpira na kitako ni kipande kimoja. Vikianza kuvujisha maji meusi chini, unabadilisha chote. Sasa jiulize: chote hicho kinauzwa wapi? Zile zenye umbo la NutriBullet, za kweli na kopi zake, vipuri vyake utaviona vimening'inizwa madukani, japo beba chako cha zamani mkavilinganishe meno, maana vinafanana kwa macho tu. Ukinunua chapa nzuri ya peke yake uliyoletewa kutoka nje, siku kisu kikifa umebaki na kikombe cha maji. Na kama imetoka Marekani, soma volti kabla ya kuichomeka. Ya 120V ukiipa 230V ya kwetu hutaimaliza hata smuthi ya kwanza.

Hizi za kuchaji kwa waya wa simu nazisemea mstari mmoja. Jirani yangu alinunua wakati wa mgao ule wa mwishoni mwa 2023, akaishukuru sana mpaka mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere ulipowashwa Februari 2024. Papai laini na maziwa inaweza. Ikikutana na barafu inawasha taa nyekundu na kugoma.

Halafu kuna tabia yetu ya kununua kitu kimoja tukakifanyisha kazi zote. Blenda ya smuthi ikishasaga kitunguu saumu mara moja, ule mpira wa kuzibia hausahau. Utaosha na ndimu, utaanika juani, embe dodo lako kesho litanukia pilau. Na nazi: kwenye jagi tunatia maji ya moto kiasi tukapata tui, mfuniko una upenyo wa kupumulia. Kikombe cha kupindua kimefungwa kila upande. Maji ya moto ndani yake yanatengeneza mvuke usio na pa kutokea, ukifungua kinakurukia usoni. Mwenye kutaka tui atumie jagi, au amrudie mbuzi wake.

Kwa hiyo nilitaka kumaliza kwa kusema nunueni jagi. Ila kuna jambo. Mdogo wangu alihamishiwa Dodoma kikazi, ile blenda ya boksi lililobonyea akaniachia. Watoto wangu wakubwa wako bweni. Jagi langu, nikilitazama sasa hivi ninapoandika, liko juu ya kabati limefunikwa kitambaa cha kufuma, na kile kitambaa hakijasogezwa tangu Idi. Kikombe kiko kwenye kichanja cha vyombo, kimelowa, kwa sababu nimekitumia leo asubuhi: nusu parachichi, ndizi, mtindi, tangawizi niliyoikata mapande membamba kukatisha nyuzi zisijisokote kwenye kisu. Kuosha ni maji na tone la sabuni, unazungusha, umemaliza. Jagi kuliosha kwa ajili ya glasi moja ni adhabu.

Basi hukumu yangu, ambayo haifanani na nilivyoanza: mkiwa wawili au watatu nyumbani, chukua ya kikombe, ya kuchomeka ukutani, wati 500 au 600 za kweli, ambayo kisu chake umekiona kikiuzwa peke yake. Hii ni kama una kifaa kingine cha vitunguu na nazi. Na kama una watoto wadogo, sahau yote, nunua jagi. Na kama umeme kwenu unapanda na kushuka, nunua kilinda umeme kabla ya blenda yoyote.

Nimemsomea shangazi kwa simu kabla ya kutuma. Sehemu ya Kariakoo kaipenda, kasema nimesahau kwamba karanga zilikuwa mbichi. Hukumu kaikataa. "Akija mgeni na wanawe, utawapanga foleni na hicho kikombe?" Nikamwambia wageni watapewa soda. Akakata simu.