Re: Redio ya gari inajuaje jina la kituo bila intaneti?

Ndugu, hapo intaneti haihusiki kabisa. Jina linakuja ndani ya wimbi lilelile la FM linalobeba sauti, kwa mfumo uitwao RDS. Data hupandishwa kwenye kilohezi 57, juu kabisa ya eneo la sauti, kwa hiyo sikio halisikii kitu. Kasi yake ni ndogo mno: biti 1187.5 kwa sekunde, na zaidi ya theluthi ya hizo ni za kukagua makosa.

Ndiyo maana jina huchelewa kutokea. Lina herufi 8 tu, nazo hutumwa mbilimbili. Redio isipozipata zote, inasubiri mzunguko mwingine. Mawimbi yakidhoofika, jina hupotea huku sauti ikiendelea. Hiyo si dalili ya redio mbovu, usikimbilie fundi!

Kuhusu redio kuhama masafa yenyewe bila wewe kuigusa: kituo hutuma orodha ya masafa yake mengine (AF) pamoja na namba yake ya utambulisho. Redio huchungulia masafa hayo, na ikikuta namba ileile yenye mawimbi bora, inahamia. Ikikusumbua, zima AF kwenye menyu.