Kwa mdogo wangu aliyeteuliwa bodi juzi

Hongera kwa uteuzi. Simu za pongezi zikipungua utaletewa kabrasha la kikao, kurasa mia mbili hivi, siku chache kabla ya kukutana. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Asiyesoma nyumbani, mezani huwa ni wa kuunga mkono tu.

Mimi niliingia bodi yangu ya kwanza nikitokea kwenye biashara ya nafaka. Wenzangu walikuwa wahasibu na wanasheria. Katika kabrasha faida ilikuwa imepanda, nikafurahi. Kurasa nyingi mbele, kwenye maelezo ya hesabu kwa maandishi madogo, nikakuta fedha tunazowadai wateja zimekaribia kuwa maradufu. Mtu aliyewahi kukopesha mahindi, akashinda msimu mzima akifukuzana na wadaiwa, anaijua hali hiyo: mali imetoka, hela haijaingia. Nikakunja pembe ya ukurasa ule.

Kikaoni mwenyekiti akauliza kama kuna hoja. Nikawatazama wale wasomi, nikajiambia wangekuwa wameshaliona. Tukapitisha gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa. Miezi minane baadaye tukaitwa kikao cha dharura kuidhinisha mkopo wa kulipia mishahara. Nilipofungua kabrasha lile la zamani, pembe ilikuwa bado imekunjwa. Hadi leo naumia, kwa sababu nililiona.

Kampuni ya nishati ya Enron ya Marekani ilipofilisika mwaka 2001, aliyeongoza kamati ya ukaguzi ya bodi yake alikuwa profesa mstaafu wa uhasibu wa Chuo Kikuu cha Stanford. Na bodi hiyo ndiyo iliyoruhusu, mwaka 1999, kanuni za maadili ziwekwe kando ili mkuu wa fedha, Andrew Fastow, aendeshe ubia wake binafsi uliofanya biashara na kampuni hiyohiyo. Kwa hiyo usimwachie msomi wa kiti cha jirani kazi ya kuona. Kwa Kenya, kifungu cha 145 cha Sheria ya Makampuni ya 2015 kinampima mkurugenzi hata kwa ujuzi alionao yeye mwenyewe. Ujuzi wangu wa mahindi ungehesabika.

Ukitaka kuuliza, useme tu: "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba nieleweshwe." Inatosha, na hakuna anayeweza kukukatalia. Kisha hakikisha katibu ameliandika swali lako kwenye muhtasari, maana kikao kijacho litarudi kwenye Yatokanayo, ajenda ya kufuatilia mambo ya kikao kilichopita. Ukiona "menejimenti inaendelea kulishughulikia" kwa mara ya tatu, omba tarehe na jina la mhusika.

Wengi watapenda kukupanga kamati ya rasilimali watu, kwa kuwa wewe ni mwanamke. Ikubali, lakini omba na ya ukaguzi. Ikija zabuni inayomgusa ndugu yako au kampuni yako, tangaza maslahi na utoke ukumbini kabla mjadala haujaanza.

Tena nakuomba sana, posho ya kikao usiitegemee kwa ada ya watoto. Ipo siku utalazimika kukataa kusaini, pengine hata kujiuzulu, na mwenye ada ya kulipa Januari mkono wake huwa mzito.

Kabrasha likifika, anza na taarifa ya mtiririko wa fedha, ile ya hela iliyoingia na iliyotoka, ndipo urudi kwenye ukurasa wa faida. Na kalamu iwe mkononi.