Kuwauliza madaktari wapasuaji kuhusu migongo ya watoto: kwa mnaoanza utafiti Tabora na Kigoma

Swali bovu kuliko yote katika dodoso la aina hii ni "Una maoni gani kuhusu kumpasua mtoto mwenye mgongo uliopinda?" Daktari atajibu "inategemea", na atakuwa amesema kweli. Inategemea umri, mifupa imebakiza kukua kiasi gani, pembe ya Cobb (kipimo cha kupinda kwa mgongo kwenye eksirei) ni nyuzi ngapi, na mgongo umepindishwa na nini. Basi usimwombe maoni, mpe mtoto:

"Msichana wa miaka 12, hajavunja ungo, Risser 0, skoliosisi ya kifuani ya nyuzi 42, miguu ina nguvu, anaishi Kasulu. Utafanya nini leo?"

Risser 0 maana yake mifupa bado ina safari ndefu ya kukua, na skoliosisi ni mgongo kupinda kwenda upande. Visa vya namna hii sita hadi vinane vinatosha. Zaidi ya hapo atakuachia karatasi katikati. Mtoto anayekua akiwa na nyuzi 25 hadi 40, wengi watamwandikia bresi (gamba la kuvaa kiwiliwilini la kuzuia mgongo usizidi kupinda), na akipita 50 wengi watafikiria upasuaji wa kuweka vyuma. Ubishi uko kati ya 40 na 50, kwa hiyo visa vingi viweke humo. Nyuzi ziandike wewe mwenyewe. Watu wawili wakipima picha moja ya eksirei wanaweza kupishana nyuzi 5 hivi, na ukiwaachia wapime utaishia kulinganisha rula zao badala ya uamuzi wao.

Kasulu, iliyoko mkoani Kigoma, haikuwekwa kama pambo. Bresi hurekebishwa mtoto anapokua, na utafiti wa BrAIST wa Marekani na Kanada, uliotoka 2013, ulionyesha kuwa faida yake inakwenda na saa za kuivaa: waliovaa takriban saa 13 kwa siku au zaidi walifanikiwa zaidi. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Kwa hiyo mtoto huyohuyo mrudie, safari hii akiishi Dar es Salaam karibu na MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Kimoja kiwe kisa cha pili, kingine cha saba, ili daktari asiviunganishe. Jibu likibadilika, umbali ndio umeamua, na hilo hakuna daktari atakayekuandikia ukimuuliza waziwazi.

Kifua kikuu cha uti wa mgongo kipe sehemu yake. Kibiongo chenye ncha kali katikati ya mgongo wa mtoto wa miaka 6 hakikai jedwali moja na skoliosisi: huyo huanza na dawa, na swali la upasuaji huja miguu inapolegea au kibiongo kinapozidi. Weka pia kisa cha aliyemaliza dozi akapona, lakini kibiongo bado kinaongezeka. Hutokea kwa watoto wadogo, na wengi husahau kukiuliza.

Swali la kwanza kabisa liwe: "Uti wa mgongo unaupasua mwenyewe, au unatoa rufaa?" Ukimuuliza anayetoa rufaa achague idadi ya skrubu, atakujibu kwa kumbukumbu ya chuo. Yeye muulize anampeleka mtoto akiwa na nyuzi ngapi, wapi, na akirudi nani anamfuatilia. Makundi haya mawili usiyajumlishe.

Kibali cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) na barua ya hospitali vitangulie kuchapa dodoso. Lijaribu kwa madaktari wawili watatu ambao hutawahesabu. Likizidi dakika 15, punguza.

Picha ukiituma kwa WhatsApp, itume kama faili, maana ikienda kama picha hufifia na kingo za pingili hupotea. Kabla ya hapo angalia kona ya filamu: jina la mtoto na namba ya jalada huwa pale, kwa herufi ndogo nyeupe. Kata kona yote. Kuziba kwa kalamu ya simu hakutoshi, wino mwepesi huonyesha ukiongeza mwanga.

Kwenye ripoti andika watu, asilimia baadaye. Ukiwatumia 20 wakajibu 12, na 6 wakachagua vyuma, "asilimia 50 ya madaktari" ni maneno makubwa mno kwa watu 6. Wale 8 walionyamaza wataje pia, wapasuaji wangapi na watoa rufaa wangapi.