Ule wimbo wa kengele wa Krismasi, mwenyewe nani?

SWALI: Kaka mhariri, habari za kazi. Naimba alto kwaya ya parokia huku Nyegezi, Mwanza. Kila Krismasi tunapiga ule wimbo wa Carol of the Bells, mwalimu wetu anasema ni wa Wamarekani, ila binti mmoja wa soprano kabisha, eti aliona mtandaoni ni wa Ukraine na mtunzi wake aliuawa. Mkweli nani? Na tukiweka maneno ya Kiswahili kuna shida?
Alto wa Nyegezi

JIBU: Dada Alto, huyo wa soprano mnunulieni soda. Mtunzi ni Mykola Leontovych, kazaliwa 1877 huko Ukraine, baba yake padri wa kijijini (msishangae, Waorthodoksi mapadri wao wanaoa), na yeye akapelekwa seminari akamaliza 1899, ila upadri akauacha akaenda zake kufundisha muziki mashuleni. Sasa usimfikirie kama mtu wa majumba makubwa na suti, huyu alikuwa mwalimu wa kwaya kama huyo wenu tu, kuna kipindi aliwakusanya wafanyakazi wa reli akawafanya kwaya, alafu kuanzia 1908 akafundisha shule ya wasichana mji wa Tulchyn. Kazi yake hasa ilikuwa kuchukua nyimbo za wanakijiji na kuzipangia sauti nne, yaani ni kama mtu achukue wimbo wa Kisukuma wa kulimia auandikie soprano mpaka besi bila kuuharibu.

Wimbo wenyewe unaitwa Shchedryk na hauna kengele hata moja, wala sio wa Krismasi! Ni wa mwaka mpya, mbayuwayu anaingia nyumbani kwa mtu anamwambia toka nje ukaone kondoo wako walivyozaa. Sikilizeni soprano wanavyoanza, do-ti-do-la, noti nne basi, zinarudi tena na tena huku sauti za chini zikibadilika, utamu wote uko hapo, kwa hiyo alto na besi msikimbie wala msitake kuwafunika. Na jamaa aliupanga akaupangua mara nyingi mpaka akaridhika, ukaimbwa Kyiv, mji mkuu wa Ukraine, Desemba 1916 na kwaya ya wanafunzi wa chuo kikuu chini ya Oleksandr Koshetz.

Huyo huyo Koshetz 1919 serikali changa ya Ukraine ikamtuma na kwaya azunguke Ulaya ili nchi yao itambulike, wakafika mpaka New York wakaimba ukumbi maarufu wa muziki wa Carnegie Hall Oktoba 1922. Leontovych hakuyaona hayo. Usiku wa kuamkia 23 Januari 1921 alikuwa kwa baba yake kijiji cha Markivka, kukaja mtu kuomba malazi wakampokea, kumbe ni wa usalama wa Wabolsheviki (wakomunisti wa Urusi), alfajiri akampiga risasi. Alikuwa na miaka 43 tu.

Mwalimu wenu naye msimcheke sana, maneno ya kengele kweli ni ya Marekani, aliyaandika Peter Wilhousky 1936. Ndo maana kuhusu Kiswahili nakwambia hivi, muziki wa Leontovych hauna tena mwenyewe wa kuwadai, ila hayo maneno ya Wilhousky bado yana mwenyewe, msiyatafsiri, tungeni yenu, na mkimrudisha mbayuwayu mimi nitafurahi zaidi, ila mjaribuni kwanza mazoezini maana noti ni fupi na maneno yetu marefu.